Wembe wa kukunja wa kizamani: kuufufua, kuunoa na kuutunza hapa Nairobi (uzi mrefu)

#1 Mnoaji_Jericho

Wadau, hamjambo.

Kila baada ya muda mtu huweka picha ya wembe wa kukunja, ule wenye mpini, aliouokota kwenye soko la mitumba la Gikomba au Toi au aliouachiwa na babu yake, na swali huwa lile lile: nitautoaje kutu ung'ae? Majibu nayo ni yale yale. Mmoja anasema siki, wa pili anasema grainda, wa tatu anamtuma Kamukunji kwa fundi wa jua kali. Wiki ikiisha wembe unang'aa kama sinia ya harusi na haukati hata unywele wa mkononi.

Basi acha niyaweke yote hapa. Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kubishana aanze kujiandaa: kwenye wembe wa zamani kazi kubwa ni kujizuia. Unachookoa ni ukanda mwembamba wa chuma penye makali, milimita mbili tatu hivi, pamoja na mgongo. Bapa lililobaki likiwa na madoa meusi na vishimo hapa na pale, wembe utanyoa vile vile. Chuma ukishakiondoa, hukirudishi.

Kabla hujatoa pesa, ukague. Beba lenzi na utumie tochi ya simu. Fungua wembe, elekeza makali kwenye mwanga, uyafuate polepole kutoka kisiginoni (mwisho wa makali upande wa mpini) hadi nchani. Unatafuta ufa, yaani mstari mwembamba kuliko unywele unaoanzia kwenye makali na kupanda juu. Huo hauna tiba. Gonga bapa kwa ukucha: likilia mlio safi unaodumu, ni dalili njema, likitoa sauti butu, rudia kutafuta ufa, au pengine ribiti, kile kipini kinachoshika bapa na mpini, imelegea. Kisha tazama vishimo vya kutu. Vikiwa katikati ya bapa, wala usijali. Vikiwa kwenye makali yenyewe, kila kimoja kitageuka pengo mara jiwe likikifikia. Mwisho geuza uangalie mgongo. Kwenye jiwe, mgongo na makali hulala pamoja, kwa hiyo mgongo ndio unaopanga pembe ya kunoa. Ukikuta umelika sana, au umelika upande mmoja, jua kuna mtu aliunoa miaka mingi kwa nguvu bila akili, na wewe ndiye utakayelipa.

Halafu soma chapa pale shingoni, kati ya makali na ribiti. Nyingi ni za Sheffield, Uingereza, au Solingen, Ujerumani. Sheffield utakutana na Joseph Rodgers na alama yake ya nyota na msalaba wa Malta, Wade & Butcher, na George Wostenholm na herufi zake IXL. Mji huo ulitajirika kwa feleji ya kuyeyushwa chunguni, ufundi aliouanzisha Benjamin Huntsman miaka ya 1740. Solingen kuna pacha wa J. A. Henckels, alama iliyosajiliwa tarehe 13 Juni 1731, na mti wa Böker. Jina Solingen lenyewe linalindwa na sheria ya Ujerumani tangu 1938. Ukibahatika utapata wa Eskilstuna, Sweden, na hizo feleji yake ni ngumu ajabu.

Kukisia umri: sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa za nje zigongwe jina la nchi zilikotoka. Wembe wenye neno "England" au "Germany" shingoni kwa kawaida ni wa baada ya hapo. Usio nalo unaweza kuwa wa kabla, ila usiapie, maana si kila wembe ulitengenezwa uende Marekani.

Na kwa wanaouliza hivi vitu vilifikaje huku: reli ilifika hapa Nairobi 1899, na mashine ya kunyolea ya Gillette, ile ya wembe wa kubadilisha, ilianza kuuzwa 1903. Mji huu ni mkubwa kwa umri kuliko ile mashine. Karibu kila kidevu kilichonyolewa kambini pale siku zile kilinyolewa kwa wembe wa namna hii.

Nitaendelea na kutu jioni.

#2 Msee_wa_Githurai

Budaa, uzi moto. Sasa Gikomba unazipata upande gani? Na ni ngapi, usituseti.

#3 Mnoaji_Jericho

Hakuna kibanda maalum, ndugu yangu. Mimi huangalia kwa wanaouza vyombo vya nyumbani vya mitumba, penye mikasi na visu vilivyorundikwa pamoja. Bei ni kuelewana. Shauri moja tu: usifike ukitoa macho na lenzi mkononi. Chukua kwanza mkasi, uliza bei ya mkasi, ndipo uguse wembe.

#4 Ndevu_za_Kaloleni

Mtoto akililia wembe mpeni 😂 Mzee, kwa nini mtu ajisumbue hivi na wembe wa madukani unauzwa bei ya peremende?

#5 Mnoaji_Jericho

Swali halali. Kama shida yako ni kunyoa tu, nunua wembe wa dukani uende kazini. Uzi huu ni wa waliokwisha ugua ugonjwa huu.

Kutu. Wembe uwe umefungwa tepu kwenye makali wakati wote wa kusafisha, hata kama ni butu. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua kwa mswaki, hasa pale ribiti inapopita, maana huko ndiko povu la sabuni la miaka yote lilikojificha. Kausha. Paka mafuta mepesi ya kulainisha kutu, uache usiku kucha.

Asubuhi anza na msasa wa maji ulio laini kuliko unavyodhani unahitaji. Namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi. Watu huanza na namba 220 kisha wanahangaika wiki nzima kufuta mikwaruzo ya 220. Anza na 2000 na mafuta, uone utafika wapi. Haitoshi, rudi 1000. Bado, rudi 600. Mara nyingi utashangaa 1000 imemaliza kazi. Laza bapa juu ya kipande cha mbao kilichonyooka, makali yasichomoze nje, na mkono wako uende kutoka mgongoni kuelekea makali na kuishia kabla ya kuyafika. Ukisugua kwa kufuata urefu wa wembe, siku moja kidole kitateleza.

Kutu nyekundu ndiyo adui, hiyo inaendelea kula. Weusi uliotulia na usioacha unga kidoleni uache. Ni ngozi ya chuma cha zamani na unakikinga kiasi. Ninajua wapo wanaotaka bapa la kujitazamia, lakini kufikia chini ya vishimo vyote unaondoa chuma kizima kinachovizunguka, na bapa la hizi nyembe za kuchimbwa pande zote mbili ni jembamba mno kule chini. Unalipia mng'ao kwa uhai wa wembe.

Siki: inakula kutu, kweli, lakini haijui kusimama. Ikimaliza kutu inaanza chuma kizima, inakiacha kijivu, na michoro ya bapani inafifia. Kama bapa lina maandishi ya rangi ya dhahabu, hata Brasso usiipitishe pale. Ile dhahabu ni utando tu, inatoka na kitambaa mara moja.

Grainda na mashine ya kupolishi: hapana. Feleji ya wembe ilipashwa moto mkali, ikazimwa ghafla, kisha ikapashwa tena kwa nyuzi kati ya 150 na 230 hivi ili isivunjike ovyo. Makali ni membamba, hivyo kwenye mashine yanapita joto hilo ndani ya sekunde, kabla vidole vyako havijahisi lolote kule shingoni. Ukiona rangi ya manjano iliyokoza, zambarau au buluu imetokea kwenye makali, ugumu umeshatoka. Utaunoa leo, kesho ni butu. Fundi wa Kamukunji anajua kazi yake ya masanduku na majiko, simdharau hata kidogo, ila usimpelekee kitu hiki halafu umlaumu.

#6 Mama_Kinyozi_Umoja

Naomba niingilie. Nina kinyozi na hawa vijana wananiletea hizi nyembe za babu, wananiambia "Mama, ninyoe na hii." Jibu langu ni hapana, na kinyozi yeyote anayejiheshimu atasema hivyo hivyo. Kwangu wembe ni wa mteja mmoja: navunja mpya mbele yake, naweka nusu kwenye kishikio, nikimaliza natupa. Siwezi kuosha wembe wa kukunja kati ya mteja na mteja nikawa na amani. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, na damu yenyewe huenda usiione kwa macho. HIV mnaijua.

Kwa hiyo, wembe wa kukunja ni wa mtu mmoja kama mswaki. Haukopeshwi, hata kwa ndugu yako wa toka nitoke. Na ukiununua sokoni, kabla haujagusa shavu lako uusafishe kweli. Spirit unayomwagia juu ya uchafu haifanyi kitu. Toa uchafu wote kwanza kwa sabuni, kisha ndipo spirit ifike kwenye chuma. Na msiloweke kwenye Jik jamani, itawatoboa chuma chenu.

#7 Mnoaji_Jericho

Asante Mama. Wadau, soma #6 mara mbili. Naongeza kwamba kuuchemsha nao si dawa, maji ya moto hupinda mpini wa pembe na kuharibu ule wa seluloidi, ile plastiki ya kizamani.

Na hapo tumefika kwenye mpini, maana watu wengi hawaujali na ndio unaoua bapa kimyakimya. Mipini ya zamani ilikuwa ya pembe ya ng'ombe au nyati, mfupa, mpingo, pembe za ndovu, ng'amba (gamba la kasa), na kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 seluloidi kwa wingi.

Seluloidi ndiyo ya kuogopa. Ikizeeka huanza kuoza yenyewe na kutoa mvuke wenye asidi. Wembe umefungwa ndani yake, basi kutu inaota kwenye bapa kwa umbo la mpini ule ule, hasa upande mmoja. Ukiona kutu ya namna hiyo, ukinusa na kupata harufu kali ya kafuri au ya asidi, ukiona mpini umefanya nyufa za ndani au unanata, uondoe haraka na usiuhifadhi pamoja na nyembe nyingine. Usiupashe moto, usiusugue kwa mashine. Seluloidi inashika moto upesi na kwa hasira.

Kutoa mpini: ribiti ni kipini chembamba cha shaba, mara nyingi kama milimita 1.6. Piga tupa kichwa cha upande mmoja polepole mpaka kiishe, kisha sukuma kwa msumari uliofanywa butu. Usiupanue mpini kwa bisibisi. Kurudisha, nunua kijiti cha shaba cha unene huo, kata ukiacha kichwa kichomoze chini ya milimita moja kila upande, kisha gonga kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo. Gonga kidogo mara nyingi, ukizunguka ukingo. Ukipiga pigo moja la kiume, pembe inapasuka. Kama mkono hauna subira, mpelekee sonara, kazi hii kwake ni ya dakika chache.

#8 Karani_South_B

Wangu una mpini mweupe uliogeuka manjano, una mistari inayopishana ukiutazama pale mwishoni ulipokatwa. Mjomba anasema ni pembe za ndovu na eti Wazungu wananunua ghali. Nauliza tu.

#9 Wakili_wa_Mtaa

Ndugu Karani, hapo simama kidogo. Mfupa ukiuangalia kwa lenzi unaonyesha vitundu na vistari vifupi vyeusi, ni njia za mishipa ya damu. Pembe za ndovu hazina hivyo, ila pale zilipokatwa kwa upana huonyesha mistari miembamba inayokatana kimshazari. Seluloidi iliyoigiza pembe huwa na mistari iliyonyooka na sawasawa mno.

Kama ni za ndovu kweli, usitafute mnunuzi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inafanya kuwa na nyara ya mnyamapori bila kibali kuwa kosa, na kwa ndovu adhabu ni nzito. Umri wa wembe hauwi kibali. Hii ndiyo nchi iliyochoma tani 105 za pembe za ndovu pale Nairobi National Park tarehe 30 Aprili 2016. Nenda KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) mwenyewe, kwa hiari, ukaeleze ulivyoupata, na upige simu kwa wakili kwanza ukiweza. Ng'amba vile vile, yule kasa yuko kwenye orodha kali kabisa ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

#10 Karani_South_B

Duh. Asante mkubwa. Mjomba namwambia leo.

#11 Mnoaji_Jericho

Wakili ameokoa mtu. Kwa anayetaka mpini mpya bila presha: kuna mafundi wa mifupa ya ng'ombe Kibera, na wachongaji wa Kikamba pale Gikomba wana vipande vya mpingo na mzeituni vinavyobaki kwenye kazi zao. Vibao viwili vya milimita 3 vinatosha, uvipunguze hadi karibu 2.5. Mpingo ni mzito na una mafuta yake, hautaki vanishi. Kati ya vibao, upande wa mkia, weka kabari ndogo ya mfupa au shaba, la sivyo bapa litagusa mpini likifungwa.

#12 Seremala_Dagoretti

Mzee, mimi nimenoa patasi maisha yangu yote. Jiwe lile la kijivu la pande mbili la hardware linatosha kabisa. Makali ni makali.

#13 Mnoaji_Jericho

Fundi, nakuheshimu, lakini hapa tutatofautiana. Patasi unainoa kwa digrii 25 au 30, unaigonga kwa nyundo na inakata mbao. Chukua wembe wenye mgongo wa milimita 5 na upana wa milimita 18 kutoka mgongoni hadi makali. Ukikokotoa pembe unapata kama digrii 16, pande zote mbili zikijumlishwa. Chuma chembamba namna hiyo kwenye jiwe la kijivu kinameguka. Ukiyatazama makali kwa lenzi utaona meno ya msumeno, na ngozi ya shingo si mbao.

Kunoa ndiko kwenye roho ya kazi yote, kwa hiyo nitakaa hapo.

Jiwe lazima liwe bapa kweli. Lichore vistari vya penseli juu yote, lisugue kwenye msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo kinene, na vistari vikibaki katikati ujue kuna shimo. Endelea mpaka vyote viishe. Jiwe lenye bonde halinoi wembe, linauharibu polepole.

Namba za kuanzia ni 1000, kisha 4000 au karibu na hapo, kisha 8000, na 12000 kama unazo. Mawe ya maji ya namna hiyo hutayakuta hardware za kawaida, agiza. Asiye na mfuko huo kuna njia nyingine ninayoipenda hata kuliko mawe kwa anayeanza: kipande cha kioo kutoka kwa muuza vioo, na juu yake filamu za kusugulia za mikroni (elfu ya milimita) 12, 5, 3 na 1. Filamu ni bapa kwa sababu kioo ni bapa. Kwa hatua ya kwanza hata msasa wa maji kutoka maduka ya rangi za magari utakusaidia, ila usinyanyue kona ya karatasi ukaikata na wembe.

Bandika tabaka moja la tepu ya umeme mgongoni ili usiule. Ikichakaa badilisha, na ukianza na tepu maliza na tepu, maana inabadilisha pembe. Pitisha kalamu ya wino mzito kwenye makali, pande zote mbili. Sasa laza wembe: mgongo na makali vyote viguse. Sukuma makali yakitangulia, uzito ni wa wembe wenyewe na kidole kimoja cha kuongoza. Nyembe nyingi ni ndefu kuliko upana wa jiwe, basi nenda kwa mshazari, ukianzia kisigino na kuishia ncha. Geuza juu ya mgongo, rudi. Baada ya mipitisho michache angalia wino. Pale ulipobaki, jiwe halijafika. Usiukandamize ili ufike. Wembe wa zamani mara nyingi umepinda kidogo, na dawa ni kubadilisha njia ya mkono: punguza upana wa jiwe unaoutumia, au zungusha mshazari kidogo.

Sasa sikilizeni. Kwenye namba 1000 usiondoke mpaka makali yanyoe nywele za mkono, kwa urahisi, kisigino, katikati na ncha. Watu wanachoka hapa. Wanaona 8000 imekaa pale inawaita, wanadhani ndiyo italeta ukali. Jiwe la 8000 halileti ukali, linalainisha ukali uliokwishapatikana kwenye 1000. Kama haupo, utalainisha ubutu. Karibu kila wembe ninaoletewa ukiwa "umenolewa lakini haunyoi", tatizo liko hatua hii.

Ukipita hapo, mengine ni mepesi. Punguza nguvu kila jiwe, mpaka la mwisho uwe kama hutaki kuligusa.

#14 Seremala_Dagoretti

Hiyo hesabu ya digrii nimeikokotoa, ni kweli 16 kasoro. Nimenyamaza kwa hilo. Lakini patasi yangu pia inanyoa mkono, ujue.

#15 Mnoaji_Jericho

Nakuamini fundi. Mkono wako, usijaribu kidevu.

Mkanda wa ngozi. Bila huu hakuna kunyoa. Nenda Kariokor kwa mafundi wa ngozi, omba ngozi ya ng'ombe iliyodabighiwa kwa magome, laini, isiyo na kovu, upana wa sentimita 6 au 7 na urefu kama nusu mita. Usichukue ile iliyopakwa rangi ya kung'aa, wala mkanda wa suruali wenye nyuzi pembeni. Ifunge kwenye kitasa au ibandike juu ya ubao ulionyooka, ubao ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Kwa upande wa kitambaa, kipande cha mkanda wa usalama wa gari kutoka kwa wauza vipuri vya zamani kinafaa sana, kioshe tu.

Kwenye ngozi mgongo ndio unaotangulia, kinyume cha jiwe. Ukifika mwisho geuza wembe kwa kuuzungusha juu ya mgongo wake, kamwe usiuzungushe juu ya makali, na makali yasinyanyuke wala kubadili mwelekeo kabla ya kugeuza. Kitambaa mara 20 hivi, ngozi mara 40 hadi 60, kabla ya kila kunyoa. Kasi haihitajiki. Wale wa kwenye video wanaopiga chapchap wanajionyesha.

Ukitunza hivyo, jiwe hulihitaji tena kwa miezi. Wembe ukianza kuvuta nywele, kabla ya kurudi kwenye jiwe jaribu mkanda wa pili uliopakwa oksidi ya kromiamu, ile ya kijani ya mikroni 0.5. Mara chache tu, isiwe kila asubuhi, kwa sababu ngozi inabonyea na makali yanaanza kuviringika.

#16 Bin_Kibokoni

Assalaam alaykum ndugu zangu wa bara. Hayo ya Nairobi ni mazuri lakini huku kwetu Mombasa bahari haitaki mchezo. Wembe ukiuacha bafuni usiku mmoja, asubuhi una madoa. Mimi napaka mafuta ya nazi kama alivyofanya marehemu babu. Mnasemaje?

#17 Mnoaji_Jericho

Wa alaykum salaam, shekhe. Mafuta ya nazi yanakinga, ila yakikaa huchacha na kunata, na kule kwenye ribiti hayatoki. Kwa wembe unaotumika kila siku babu alikuwa sawa, maana aliyafuta na kuyapaka upya. Kwa wembe unaokaa kabatini tumia mafuta ya cherehani au mafuta ya watoto yale ya madini. Tone moja, ulifute mpaka ubaki na utando tu.

Utunzaji wenyewe ni mfupi. Ukimaliza kunyoa suuza bapa bila kulowesha mpini, futa kwa kitambaa kuelekea makali, pitisha mara chache kwenye kitambaa cha mkanda, uache wazi ukauke, kisha mafuta. Usiuweke bafuni hata Nairobi. Julai na majira ya mvua ndefu, bafu zetu hazikauki kabisa. Na usiufungie kwenye kifuko cha ngozi kwa miezi, ngozi inavuta unyevu.

#18 Nesi_Eastleigh

Langu ni la ngozi, ya watu safari hii. Ndevu zetu zimejikunja, na unywele uliojikunja ukikatwa chini sana unarudi ndani ya ngozi na kuleta vipele. Wazee wa vitabu vya kunyoa wanasema vuta ngozi ikaze, nyoa pita ya kwanza, ya pili, halafu ya kinyume. Kwa ndevu kama zetu hiyo ni kujitafutia vipele. Ukikaza ngozi sana, unywele unakatwa kisha unazama chini ya ngozi ukiachilia. Ishike isicheze tu, nyoa kwa kufuata ndevu zinakoelekea, pita moja, maji ya moto na povu la kutosha kabla. Wembe uulaze, karibu digrii 30 kutoka kwenye ngozi. Mwenye vipele tayari aache wembe kabisa mpaka vipone, atumie mashine ya kuacha milimita moja hivi.

#19 Ndevu_za_Kaloleni

Nilikuja kucheka, sasa natafuta ngozi Kariokor. Mama Kinyozi umenipoteza mteja mwenyewe 😂

#20 Mama_Kinyozi_Umoja

Utarudi ukijikata sikio. Plasta ninayo.

#21 Msee_wa_Githurai

Wazee nimepata mmoja Gikomba, Solingen, mpini mweusi wa pembe. Nilianza na mkasi kama ulivyosema, nikatoa mia tatu. Kwa lenzi naona kalaini kanapanda kutoka kwa makali, karibu na ncha. Nikigonga inalia vibaya. Picha hizo hapo. Niipige msasa ipotee?

#22 Mnoaji_Jericho

Nimeziangalia, ni ufa. Msasa hauufuti, na ukinyoa nao kipande kinaweza kumeguka usoni. Bapa hilo usilinoe. Lakini mpini ni pembe nzima, haujaliwa na wadudu, na ribiti zake ni za asili. Toa ribiti ya mbele taratibu, paka pembe mafuta, uuhifadhi. Pima upana wa shingo ya hilo bapa uuandike. Ninalo bapa la Sheffield lililovuliwa seluloidi iliyooza, likilingana na vipimo vyako tutaelewana. Jumamosi niko Jericho mchana kutwa. Ukija, bapa ulifunge kwa kadibodi na tepu, usipande nalo matatu likiwa mfukoni.

#23 Msee_wa_Githurai

Shingo ni milimita 6 kamili mahali pa ribiti. Nakam Jumamosi.